Ugomvi wa Wayahudi na Waarabu: Je, Kweli Ulianzia Hemani mwa Ibrahimu?



Oktoba 2023 habari za vita kati ya Israeli na Gaza zilitufikia huku kwetu Malampaka kwa njia ya redio na simu za mkononi. Ilikuwa Jumapili, na kama ilivyo desturi yetu, akina mama tulikuwa tumebaki kanisani baada ya ibada kupanga zamu za kutembelea wagonjwa. Mama mmoja akasema, "Hayo mambo hayana dawa. Ni uke wenza. Sara na Hajiri waligombana, na watoto wao wanagombana mpaka leo." Wote tukatikisa vichwa kukubali. Wengi wetu tumewahi kufundisha hivyo hivyo katika shule ya Jumapili.

Miezi michache baadaye ilithibitishwa kwamba vijana wawili wa Kitanzania, waliokwenda Israeli kujifunza kilimo, walikuwa wameuawa katika mashambulizi yale ya tarehe 7 Oktoba. Siku moja, kwenye kliniki ya watoto ambako baadhi yetu tunafanya kazi ya uuguzi, tuliona jambo lililotuchoma moyo. Mama mmoja wa kanisani kwetu aliinuka alipokuwa ameketi akahamia benchi la mbali, kwa sababu pembeni yake alikuwa ameketi mama Mwislamu. Akina mama hao wawili walikuwa wamezoea kushikiana watoto wakati wa kupima uzito. Tulipomwuliza mwenzetu kuna nini, alijibu kwa sauti ya chini, "Watu wake wameua vijana wetu."

Watu wake! Mama yule ni Msukuma kama sisi. Bibi yake na bibi zetu walichota maji katika lambo moja. Hana jamaa hata mmoja huko Uarabuni. Tuliona aibu, maana tulijua maneno yale yalitoka wapi. Yalitoka katika mafundisho yetu wenyewe.

Basi tukaamua kujifunza upya. Tulisoma Biblia, tukasoma na vitabu vya historia, tukaulizana. Katika makala hii tunawashirikisha yale tuliyoyapata.

Je, ni ugomvi wa Sara na Hajiri?

Hebu tuanze na Biblia. Kitabu cha Mwanzo sura ya 16 na ya 21 kinatueleza jinsi Hajiri, mjakazi wa Sara, alivyomzalia Ibrahimu mtoto Ishmaeli, na jinsi mama na mtoto walivyofukuzwa wakaenda jangwani na kiriba cha maji. Sisi tunaowafahamu watoto wenye upungufu wa maji mwilini tunaelewa vizuri kwa nini Hajiri alimweka mtoto chini ya kijiti akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa. Lakini Mungu alisikia sauti ya kijana, akamwonyesha mama yake kisima. Mungu hakumtupa Ishmaeli. Alimpa ahadi pia.

Wengi wetu husoma mpaka hapo tukafunga kitabu. Tusiishie hapo. Mwanzo 25:9 inatuambia kwamba Ibrahimu alipofariki, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja katika pango la Makpela. Ndugu hao wawili walisimama kwenye kaburi moja. Biblia haisemi popote kwamba uzao wao utauana milele juu ya nchi ile.

Tena, si kila Mwarabu ni mzao wa Ishmaeli, na si kila Mwarabu ni Mwislamu. Wako Waarabu Wakristo ambao kanisa lao ni la zamani kuliko makanisa yetu yote. Waingereza walipohesabu watu wa Palestina mwaka 1922, walikuta Wakristo wapatao 73,000, na wengi wao walikuwa Waarabu. Hata leo, katika mji wa Gaza, hospitali ya Al-Ahli ni ya Kanisa Anglikana. Tunapoomba dhidi ya "Waarabu" bila kufikiri, huenda tunaomba dhidi ya dada zetu katika Kristo.

Karne nyingi za kuishi pamoja

Wayahudi walikuwa na nchi na hekalu Yerusalemu. Mwaka 70 B.K. Warumi walilibomoa hekalu, na baada ya uasi wa mwaka 132 hadi 135 waliwakataza Wayahudi kukaa Yerusalemu. Wengi walitawanyika, ingawa wako waliobaki nchini, hasa upande wa Galilaya. Katika karne ya 7 jeshi la Waarabu Waislamu liliutwaa mji ule kutoka kwa dola ya Kikristo ya Bizanti, na Wayahudi wakaruhusiwa tena kuishi humo.

Hatusemi kwamba maisha yalikuwa ya raha. Chini ya watawala Waislamu, Wayahudi na Wakristo walilipa kodi maalum na hawakuhesabiwa sawa na wenye nchi. Wakati mwingine walionewa na hata kuuawa. Lakini kwa karne nyingi waliishi Baghdad, Kairo, Yemeni na Moroko, wakafanya biashara, wakasali, wakazaa watoto. Wengi walizungumza Kiarabu kama sisi tunavyozungumza Kisukuma. Kama ugomvi ungekuwa katika damu tangu Sara na Hajiri, mambo hayo yasingewezekana.

Basi Wayahudi waliteswa na nani zaidi? Hapa, akina mama, ndipo tulipoinamisha vichwa. Waliteswa na Wakristo wa Ulaya. Mwaka 1099 wapiganaji wa msalaba walipouteka Yerusalemu, waliwaua Waislamu na Wayahudi pamoja. Mwaka 1492 mfalme na malkia Wakristo wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa, na wengi wao walipokelewa katika dola ya Waturuki Waislamu. Katika Urusi, tangu mwaka 1881, makundi ya watu yalivamia mitaa ya Wayahudi, yakavunja nyumba, yakaua na kunajisi wanawake. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1903, katika mji wa Kishinev, Wayahudi wapatao 49 waliuawa kwa muda wa siku mbili.

Ndiyo sababu mwandishi mmoja Myahudi, Theodor Herzl, aliyeishi Vienna, aliandika mwaka 1896 kwamba Wayahudi hawatapata amani mpaka wawe na nchi yao. Mwaka 1897 aliitisha mkutano mkuu katika mji wa Basel, Uswisi. Vuguvugu hilo linaitwa Uzayuni, kutokana na mlima Sayuni. Lilizaliwa kwa hofu na machozi ya kweli.

Nchi ya Wayahudi, Afrika Mashariki?

Sasa tunafika mahali ambapo historia hii inapita karibu na mlango wetu. Wengi wetu hatukuwahi kulisikia jambo hili.

Desemba 1902 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alitembelea Afrika Mashariki akapanda treni ya reli ya Uganda. Akaona nyanda nzuri zenye hewa baridi. Baadaye akamwambia Herzl kwamba huko kuna nchi ya kuwafaa watu wake. Tarehe 14 Agosti 1903 serikali ya Uingereza iliandika barua kuonyesha kwamba iko tayari kuwapa Wayahudi eneo katika Afrika Mashariki. Hapo pia ndipo lilipotoka jina la "Mpango wa Uganda". Eneo lenyewe, nyanda za Uasin Gishu, lilikuwa limehamishwa mwaka 1902 kutoka Uganda kuingia katika nchi tunayoiita leo Kenya.

Mwezi huohuo mkutano wa Wazayuni ulikutana Basel. Kura 295 zilikubali kutuma tume ya kuichunguza nchi hiyo, na kura 178 zilikataa. Wajumbe wengi wa Urusi, hata waliotoka Kishinev kwenyewe, walikataa, kwa kuwa mioyo yao ilikuwa Yerusalemu. Watu watatu wa tume walifika mapema mwaka 1905, wakatembea katika nyanda zile, wakarudi na taarifa zisizolingana. Herzl alikuwa amekwisha kufariki Julai 1904. Mkutano wa mwaka 1905 ukaukataa mpango huo moja kwa moja.

Walowezi wa Kizungu, miongoni mwao Lord Delamere, nao walipinga kwa nguvu. Lakini je, kuna aliyewauliza Wanandi waliochunga ng'ombe wao pale? Hakuna. Machoni pa wageni, ile ilikuwa nchi tupu.

Sisi Wasukuma tunaweza kuelewa neno hilo "tupu" kuliko watu wengi. Mtu akipita Malampaka na treni wakati wa kiangazi, akachungulia dirishani, ataona mahali penye majani marefu na vichaka, hapana nyumba wala shamba. Atasema hapana mwenyewe. Hajui kwamba ile ni ngitili. Ni majani yaliyohifadhiwa tangu masika kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu, na kila mtoto wa hapa anajua ni ya nani. Mtu wa kwenye treni hana ubaya moyoni. Ila hajashuka akauliza.

Na baada ya Wayahudi kukataa, je, nyanda za Uasin Gishu zilipata amani? Hapana. Oktoba 1905 kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Mwaka 1908 kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini lilifika na magari ya kukokotwa na ng'ombe, likapewa mashamba. Mji wa Eldoret ulianzia katika shamba namba 64. Baada ya uhuru, mashamba mengi yaliuzwa kwa watu wa makabila mengine, na wenyeji wa zamani wakabaki na kinyongo. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto.

Akina mama, tafakarini. Pale hapakuwa na Sara wala Hajiri. Hapakuwa na Myahudi wala Mwarabu. Waliochoma na waliochomwa walikuwa Waafrika, na wengi wao walikuwa Wakristo. Lakini moto uliwaka kwa sababu tunayoifahamu: ardhi iliyogawanywa na mtu wa mbali, ahadi zilizotolewa bila kuulizana, na hofu ya kila upande kwamba ukiachia utafutika. Sababu hizo hizo ndizo tunazozikuta Palestina.

Ahadi tatu juu ya shamba moja

Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka ule wa 1903 aliitwa Arthur Balfour. Kumbukeni jina hilo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipowaka, Palestina ilikuwa chini ya Waturuki. Waingereza walihitaji marafiki, wakaanza kutoa ahadi. Mwaka 1915, katika barua kwa Sharifu Hussein wa Makka, waliwaahidi Waarabu uhuru iwapo watawaasi Waturuki. Mwaka 1916 walipatana kwa siri na Wafaransa kugawana nchi hizo hizo. Na tarehe 2 Novemba 1917 Balfour, ambaye sasa alikuwa waziri wa mambo ya nje, aliandika barua kwamba serikali yake inakubali Wayahudi wawe na makao ya taifa katika Palestina, bila kudhuru haki za wakazi wengine.

Mtu akiuza shamba moja kwa watu watatu, na kila mmoja akawa na karatasi yake mkononi, mnajua mwisho wake. Nasi tumewashona majeraha ya panga watu wa kesi kama hizo.

Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa liliidhinisha Uingereza kuitawala Palestina kwa udhamini, mwaka uleule lilipoidhinisha iitawale Tanganyika yetu. Wakati huo Palestina ilikuwa na watu wapatao 757,000, na kati yao Wayahudi walikuwa kama 84,000. Wayahudi waliendelea kuja na kununua ardhi kwa fedha halali. Lakini ardhi nyingine iliuzwa na matajiri walioishi mbali. Bonde la Yezreeli, kwa mfano, sehemu kubwa iliuzwa na ukoo wa Sursock wa Beirut. Wakulima Waarabu waliokuwa wakililima hawakuwa na hati, wakaambiwa waondoke. Mnunuzi aliona amelipa. Mkulima aliona amenyang'anywa. Wote wawili walisema kweli.

Chuki ikakua. Agosti 1929 huko Hebroni, mji wenye lile pango la Makpela, Waarabu waliwaua Wayahudi 67. Lakini jambo moja tusilisahau: Wayahudi wengine wengi waliokoka siku ile kwa sababu majirani zao Waarabu waliwaficha majumbani mwao. Kuanzia mwaka 1936 hadi 1939 Waarabu waliasi, na Waingereza wakawakandamiza vikali. Mwaka 1939 Waingereza waliwawekea Wayahudi mpaka wa idadi ya kuingia, wakati uleule Hitler alipokuwa akiwatesa. Katika vita vya pili vya dunia Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa Ulaya. Meli zilizowabeba waliojaribu kukimbilia Palestina zilizuiwa njiani. Mtu aliyepita katika hayo akisema, "Lazima tuwe na mahali petu," ni nani kati yetu atakayemshangaa?

Mwaka wa machozi mawili

Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuigawa Palestina iwe nchi mbili. Nchi 33 zilikubali, 13 zilikataa, 10 hazikupiga upande wowote. Wayahudi, waliokuwa karibu theluthi moja ya watu, walitengewa zaidi ya nusu ya nchi. Wao walikubali. Waarabu walikataa, wakisema hawawezi kulipia dhambi ya Ulaya kwa mashamba yao. Vita vikaanza.

Kama wauguzi tunapenda mkumbuke siku nne za Aprili 1948. Tarehe 9 wapiganaji wa Kiyahudi waliingia kijiji cha Deir Yassin karibu na Yerusalemu, wakaua Waarabu wapatao 100 au zaidi, wakiwemo wanawake na watoto. Tarehe 13 wapiganaji Waarabu waliuvamia msafara wa magari uliokuwa ukienda hospitali ya Hadassah. Watu 78 walikufa, wakiwemo madaktari, wauguzi na wagonjwa. Kila upande hukumbuka moja ya tarehe hizo na kuisahau ya pili. Sisi tunaomba Mungu atupe moyo wa kuzikumbuka zote mbili.

Tarehe 14 Mei 1948 taifa la Israeli lilitangazwa. Kesho yake majeshi ya nchi za Kiarabu yakaingia. Vita vilipokwisha mwaka 1949, Wapalestina wapatao 700,000 walikuwa wameikimbia nchi yao au kufukuzwa. Wengi waliondoka na funguo za nyumba zao wakidhani watarudi baada ya wiki mbili. Wao huuita mwaka ule "Nakba", yaani maangamizi. Waisraeli huuita uhuru. Katika miaka iliyofuata Wayahudi wapatao 800,000 nao walitoka katika nchi za Kiarabu, wengi kwa kuonewa na kufukuzwa, wakaacha nyumba na makaburi ya wazee wao. Ile karne nyingi ya kuishi pamoja Baghdad na Yemeni ilikatika kwa muda wa maisha ya mtu mmoja.

Juni 1967, kwa siku sita, Israeli iliteka Ukingo wa Magharibi, Gaza, Yerusalemu ya Mashariki, Golani na Sinai. Sinai ilirudishwa Misri baada ya mkataba wa amani wa mwaka 1979. Mwaka 1993 Yitzhak Rabin wa Israeli na Yasser Arafat wa Palestina walipeana mikono, na dunia ikafurahi. Lakini Februari 1994 Myahudi mmoja aliingia na bunduki katika msikiti uliojengwa juu ya pango la Makpela, akaua Waislamu 29 waliokuwa wakisali. Alikuwa daktari, mtu wa kazi ya kuokoa maisha. Novemba 1995 Rabin mwenyewe aliuawa, naye aliuawa na Myahudi mwenzake aliyeichukia amani. Mabomu ya Wapalestina wenye siasa kali ndani ya mabasi yakaendelea kuua raia wa Israeli, na makazi ya walowezi katika Ukingo wa Magharibi yakaendelea kupanuka.

Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliua watu wapatao 1,200 kusini mwa Israeli, na wengine 251 walichukuliwa mateka. Katika vita vilivyofuata, zaidi ya watu 60,000 wameuawa Gaza kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko, wakiwemo maelfu ya watoto. Oktoba 2025 pande zote zilikubaliana kusimamisha mapigano.

Nasi Tanzania?

Nchi yetu imekuwa na urafiki na pande zote mbili. Miaka ya 1960 Waisraeli walitusaidia katika mambo ya ushirika na mafunzo ya vijana. Golda Meir, alipokuwa waziri wa mambo ya nje wa Israeli, alishiriki kuanzisha mwaka 1961 chuo cha Mlima Karmeli huko Haifa kwa ajili ya kufundisha wanawake wa nchi zilizokuwa zikipata uhuru. Mwaka 1973, baada ya vita vya Oktoba, Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli kama nchi nyingi za Afrika. Mwalimu Nyerere aliona kwamba Mpalestina kukaliwa nchi yake ni jambo moja na Mwafrika kukaliwa yake. Uhusiano ulirudishwa mwaka 1995, na ubalozi wetu Tel Aviv ukafunguliwa mwaka 2018. Ubalozi wa Palestina nao upo Dar es Salaam. Ukiwa rafiki wa nyumba mbili zinazogombana, kazi yako si kuchochea.

Tena wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Novemba 2002 hoteli ya Waisraeli ililipuliwa Kikambala, karibu na Mombasa. Waisraeli waliokufa walikuwa 3. Wakenya walikuwa 10, na baadhi yao walikuwa wacheza ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni. Na hao vijana wetu wawili wa mwaka 2023 walikuwa wamekwenda kujifunza kilimo tu. Mwili wa mmoja ulirudishwa baada ya zaidi ya miaka miwili. Hebu fikirini mama yake alivyosubiri.

Sisi akina mama tufanye nini?

Kwanza, tuwe waangalifu na tunayofundisha watoto. Tukiwaambia kwamba ugomvi huu ni wa damu na ni wa milele, tunawaambia kwamba hakuna wa kutubu na hakuna la kutengeneza. Ukweli ni kwamba watu waliuanzisha, tena wengi wao kwa sahihi za kalamu, kwa hiyo watu wanaweza kuumaliza.

Pili, tuombe kwa haki. Zaburi 122 inatuagiza kuuombea Yerusalemu amani. Amani ya Yerusalemu haiwezi kuwa ya nyumba moja tu, maana mji ule una wakazi Wayahudi, Waislamu na Wakristo. Kumpenda Myahudi, ambaye Bwana wetu alizaliwa katika kabila lake, hakutudai tumchukie Mpalestina, ambaye Bwana wetu alizaliwa katika mji ambao leo ni wake.

Tatu, tutubu kwa ajili ya yale yaliyofanywa na watu waliobeba msalaba. Kama kanisa la Ulaya lingemtunza Myahudi kama jirani, huenda historia hii ingekuwa nyingine.

Nne, tuangalie mipaka yetu wenyewe. Wasukuma wenzetu wamehama na ng'ombe kwenda Rukwa, Usangu na Morogoro, na tumesikia damu iliyomwagika huko kati ya wakulima na wafugaji. Mwana wako akihama, mfundishe kushuka na kuuliza: majani haya ni ya nani? Na mgeni akifika kwetu, asikilizwe kabla ya kufukuzwa.

Mwisho, tuanzie benchini. Baada ya kujifunza haya, tulimwendea yule mwenzetu. Hatukumkemea, maana tulikuwa tumekosa pamoja naye. Tulisoma naye Mwanzo 25:9 akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Kwa nini hamkunisomea mpaka hapo siku ile?" Hatukuwa na jibu.

Tungependa kuwaambia kwamba akina mama wale wawili wamekuwa marafiki kama zamani. Bado. Mwezi uliopita, hata hivyo, mama Mwislamu alipoitwa kuchukua kadi yake, mwenzetu alinyoosha mikono akampokea mtoto. Hawakusema neno. Mtoto alicheza na kitambaa chake cha kichwani mpaka mama yake aliporudi.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Someni Mwanzo 21:14-20 na Mwanzo 25:7-11. Ni mambo gani yanawashangaza kuhusu Ishmaeli na Isaka?
2. Je, katika kijiji au mtaa wenu kuna watu wanaohesabiwa makosa ya watu wa mbali kwa sababu ya dini au kabila lao?
3. Ugomvi gani wa ardhi mnaufahamu ulioanza kwa ahadi iliyotolewa bila kuwauliza wenyeji? Ungezuiwaje?
4. Someni Mambo ya Walawi 19:33-34. Mgeni wenu ni nani mwaka huu?